Barua ya kodi na jirani asiyeipata: muundo upi wa jaribio uchague Dodoma

Chukua wafanyabiashara 1,000 wanaolipa kodi kwa makadirio katika Jiji la Dodoma. Inachezeshwa kura ya bahati: 500 wanapewa barua ya kuwakumbusha awamu ya 31 Machi, 500 wanaachwa. Tuseme ukweli, ambao hakuna anayeuona moja kwa moja, ni kwamba barua imeongeza walipaji kwa pointi 8 za asilimia miongoni mwa walioipokea, na kwa pointi 3 miongoni mwa wasioipokea, kwa kuwa habari ilifika kwenye fremu zao kabla ya jioni. Mchambuzi akilinganisha makundi mawili anapata 8 toa 3, yaani 5. Anazidisha kwa barua 500 na kuandika kwamba zimeleta walipaji wapya 25. Kumbe ni 40 upande huu na 15 upande ule, jumla 55. Zaidi ya nusu ya mavuno haikuhesabiwa, na mradi uliofaa unaweza kufutwa kwa sababu ya hesabu hiyo.

Kuna kosa la upande wa pili, na ndilo baya zaidi. Wasiopokea wanaweza kusema, "Orodha yao imetoka, sisi hatumo," wakalegea kwa pointi 2. Hapo mchambuzi anaona tofauti ya 10 na kuandika walipaji 50, wakati ukweli ni 40 toa 10, yaani 30.

Kuongeza barua hakutibu kosa hata moja kati ya haya. Barua 5,000 badala ya 500 zitakupa jibu lile lile lisilo sahihi, ila utaliamini zaidi. Tiba iko kwenye namna kura inavyochezeshwa. Hapa tunalinganisha miundo ambayo afisa wa kodi, ofisi ya mapato ya halmashauri au mtafiti wa chuo anaweza kuitumia Dodoma na mikoa ya jirani, pamoja na gharama ya kila mmoja kwa hesabu.

Kwanza, kodi yenyewe

Kodi ya majengo iache. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU mtu anaponunua umeme, kwa hiyo mwenye nyumba yenye mita hana uamuzi wa kulipa au kutolipa. Pasipo na uamuzi, hakuna cha kuambukizwa kutoka kwa jirani.

Inayofaa zaidi kwa swali la majirani ni kodi ya makadirio, ile ya mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka. Inalipwa kwa awamu nne, mwisho 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Malipo yanaingia kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo tarehe na kiasi vinaonekana kwenye mfumo bila kumwuliza mtu swali. VAT, yenye ritani ya kila mwezi mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, inafaa swali jingine: la mnyororo wa mauzo. Ushuru wa huduma wa halmashauri, asilimia ndogo ya mauzo, unawezekana kupimwa, lakini kama mkusanyaji anapita na mashine mlango kwa mlango, yeye mwenyewe ndiye mbeba habari mkuu na utashindwa kumtenganisha na jirani.

Pili, habari inapita wapi

Watu wengi hukimbilia muundo kabla ya kujibu swali hili, ndipo wanapokosea. Tafiti zilizofanyika zinaonyesha njia tatu tofauti kabisa. Austria, barua kuhusu ada ya televisheni zilipelekwa kwa baadhi ya kaya za vijiji vidogo, na majirani wasiopata barua nao wakaanza kulipa: njia ilikuwa mahali. Chile, katika utafiti uliochapishwa 2015, kampuni ndogo zilizoarifiwa kwamba zitakaguliwa ziliwasukuma wauzaji wao kutangaza VAT zaidi, lakini wateja wao hawakubadilika: njia ilikuwa risiti, na ilipanda juu tu kuelekea kwa anayeuza. Marekani, maafisa wa kodi walitembelea kampuni zilizokuwa nyuma kwa makato ya wafanyakazi, na athari ikaonekana kwa kampuni nyingine zilizotumia mtayarishaji yule yule wa hesabu. Mahali, risiti, mhasibu. Muundo unaokamata njia moja unaweza kuzikosa nyingine mbili kabisa, na ukahitimisha kwamba hakuna kilichosambaa.

Kwa hiyo, kabla ya kura, wahoji wafanyabiashara 60 kutoka mitaa iliyotofautiana, tuseme ya kata za Nkuhungu, Makole, Chang'ombe na Kizota, mitaa ambayo baadaye utaitoa kwenye jaribio. Uliza swali moja: "Mara ya mwisho uliposikia jambo jipya la kodi, ulilisikia kwa nani, na yuko wapi?" Usiulize rafiki zake ni akina nani. Utajaziwa ndugu na wenzake wa kikoba, ilhali habari ya kodi huenda ilitoka kwa jirani wa fremu asiyemhesabu kuwa rafiki. Kama wengi wanamtaja mtu wa mtaa huo huo, chagua kati ya miundo mitatu ya mtaa inayofuata. Wakimtaja muuzaji wa jumla au "yule anayenitengenezea hesabu", ruka uende kwenye ramani ya mahusiano.

Mtaa mzima, nusu mtaa, au ngazi

Muundo wa mtaa mzima: nusu ya mitaa kila mfanyabiashara anapata barua, nusu nyingine hakuna anayepata. Habari ikizunguka ndani ya mtaa haiharibu kitu, kwa sababu wote wamo. Unapata athari ya jumla, ile ambayo mamlaka itaiona ikipeleka barua kwa wote. Usichopata ni mgawanyo: pointi 8 zote zimetoka kwenye karatasi, au 5 za karatasi na 3 za maneno ya kijiweni? Kama anayegharimia jaribio anataka tu kujua kama barua kwa wote zinalipa gharama yake, muundo huu unatosha, wala usimbebeshe mwingine.

Muundo wa nusu mtaa: unachezesha kura mara mbili. Kwanza mitaa: ipi inaguswa, ipi haiguswi kabisa. Kisha, ndani ya mitaa inayoguswa, nusu ya wafanyabiashara wanapata barua. Sasa kuna aina tatu za watu: aliyepata barua, jirani yake asiyepata, na yule wa mtaa usioguswa. Wa pili toa wa tatu ndiyo athari ya kusambaa. Wa kwanza toa wa tatu ni athari kwa aliyepokea, pamoja na alichosikia kwa wenzake. Njia hii ndiyo iliyotumika Marekani kwenye utafiti wa 2003 kuhusu mpango wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi wa chuo kikuu: katika idara zilizoguswa, hata wasiopata barua ya mwaliko waliongezeka kwenye maonyesho ya mpango huo.

Muundo wa ngazi: kura mbili vile vile, ila mitaa inayoguswa inapewa viwango tofauti, mfano asilimia 25 ya wafanyabiashara kwa baadhi na 75 kwa wengine. Ufaransa waliutumia kwenye huduma ya kuwasaidia vijana kupata kazi, matokeo yakachapishwa 2013: ofisi 235 za ajira zilipangiwa 0, 25, 50, 75 au 100. Ndipo ikagundulika kwamba sehemu ya kazi walizopata waliosaidiwa zilitoka mikononi mwa wasiosaidiwa. Muundo huu peke yake ndio unaojibu swali zuri kuliko yote: je, robo ya barua inatosha kuamsha mtaa mzima?

Ni swali zuri, na ni ghali. Hesabu ifuatayo inadhani mitaa 120, wafanyabiashara 40 kila mtaa, asilimia 40 wanaolipa awamu kwa wakati bila barua, na mfanano wa wafanyabiashara ndani ya mtaa mmoja wa 0.05 (0 maana yake wa mtaa mmoja hawafanani kuliko wa mitaa tofauti, 1 maana yake wote wanafanya jambo lile lile). Hizi ni namba za kupangia, weka zako kutoka kwenye awamu zilizopita. Safu ya mwisho ni tofauti ndogo kabisa ambayo jaribio litaiona kwa uwezekano wa asilimia 80, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani nafasi ya kudhani kuna tofauti wakati haipo.

| Muundo | Mgawo wa mitaa | Kinacholinganishwa | Tofauti ndogo inayoonekana |
|---|---|---|---|
| Mtaa mzima | 60 wote, 60 hakuna | wenye barua na mitaa isiyoguswa | pointi 6.8 |
| Nusu mtaa | 60 nusu, 60 hakuna | wasio na barua na mitaa isiyoguswa | pointi 7.3 |
| Ngazi, 25% | 40 robo, 40 robo tatu, 40 hakuna | wasio na barua wa robo na mitaa isiyoguswa | pointi 8.6 |
| Ngazi, 75% | hiyo hiyo | wasio na barua wa robo tatu na mitaa isiyoguswa | pointi 10.1 |
| Ngazi, 25% dhidi ya 75% | hiyo hiyo | wasio na barua wa robo na wa robo tatu | pointi 10.3 |

Namna ya kuifikia, ili uirudie kwa namba zako: kizidisho cha mtaa ni 1 + (watu kwa mtaa − 1) × mfanano. Kwa watu 40 ni 1 + 39 × 0.05 = 2.95. Maana yake wafanyabiashara 2,400 wa mitaa 60 wanabeba taarifa sawa na ya watu kama 814 waliotawanyika. Kwa kila upande gawanya kizidisho chake kwa idadi ya watu wake, jumlisha pande mbili, zidisha kwa 0.24 (yaani 0.4 × 0.6), chukua kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.8 (namba inayotokana na zile asilimia 80 na 5). Kwenye nusu mtaa, wasio na barua ni 20 kila mtaa, jumla 1,200, kizidisho 1.95. Mitaa isiyoguswa ina 2,400 na kizidisho 2.95.

Tazama mstari wa mwisho wa jedwali. Ukitaka kujua kama robo tatu inasambaa kuliko robo, tofauti yenyewe lazima ifike pointi 10.3. Kuishusha hadi 5 unahitaji mitaa zaidi ya mara nne, kama 510, na hata ukichukua mitaa yote ya kata 41 za Jiji la Dodoma hufiki hapo. Ndiyo maana ushauri wetu hauna kigugumizi: kwa jaribio la ndani ya Jiji peke yake, chagua nusu mtaa. Ngazi isubiri kazi inayounganisha mikoa kadhaa, Dodoma, Singida, Iringa na Morogoro, chini ya mpango mmoja.

Kuna njia mbili za kupunguza hizo pointi 7.3, na zinatofautiana sana kwa bei. Ya kwanza ni kuongeza watu, lakini angalia unawaongeza wapi. Kutoka watu 40 hadi 60 kwa kila mtaa, jumla 7,200, unashuka hadi 6.8 tu. Watu hao hao 7,200 ukiwapata kwa kuongeza mitaa hadi 180 yenye watu 40, unashuka hadi 6.0. Mitaa ndiyo inayohesabika. Njia ya pili karibu haina gharama: ingiza kwenye uchambuzi historia ya kila mfanyabiashara, alilipa awamu zipi nne zilizopita. Kama mwenendo wa nyuma unahusiana na wa sasa kwa 0.6, tofauti inayoonekana inazidishwa kwa 0.8, na 7.3 inakuwa 5.9 hivi. Omba historia hiyo siku ya kwanza ya mazungumzo na mamlaka, kabla hujaomba kitu kingine.

Mfanano nao usiuchukulie kirahisi. Ukiwa 0.10 badala ya 0.05, nusu mtaa inapanda kutoka 7.3 hadi 9.2. Upime kwa malipo ya mwaka uliopita.

Ramani ya mahusiano: kwa VAT na kwa wahasibu

Hapa kura inachezeshwa kwa mtu mmoja mmoja, bila mitaa. Kinachofanya kazi ni ramani iliyotengenezwa kabla ya kura: nani anamuuzia nani, nani anashirikiana mhasibu na nani. Kwa waliosajiliwa VAT (tangu Julai 2023 usajili ni wa lazima kwa mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka), ramani imo tayari kwenye ritani na kwenye risiti za mashine za kielektroniki (EFD) zenye TIN ya mnunuzi. Duka la vifaa vya ujenzi la Kizota likiarifiwa ukaguzi, litaanza kudai risiti kwa muuzaji wa jumla ili lidai kodi ya manunuzi, na muuzaji huyo hana tena pa kuficha. Unampima muuzaji, aliyepata barua ni mteja.

Faida yake ni kwamba hulipi kizidisho cha mtaa. Hasara yake inawanasa hata wachambuzi wazuri. Muuzaji mwenye mteja mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuguswa, yaani kuwa na angalau mteja mmoja mwenye barua, kama nusu ya wateja wote wanapata barua. Muuzaji mwenye wateja 10 ana nafasi ya 1 kati ya 1,024 ya kutoguswa. Ukilinganisha "walioguswa" na "wasioguswa" moja kwa moja, unalinganisha wakubwa na wadogo, ukadhani umepima barua. Dawa ni hizi, na zinakwenda pamoja. Punguza kiwango cha barua: kwa asilimia 10, mwenye wateja 10 ana nafasi ya asilimia 35 ya kutoguswa, na hapo kuna cha kulinganisha. Rudia kura ile ile kwenye kompyuta mara 10,000, uhesabu kwa kila muuzaji aliguswa mara ngapi, kisha mpe uzito uliogeuzwa wa nafasi hiyo (1 gawanya kwa nafasi ya hali aliyoangukia, kuguswa au kutoguswa) wakati wa uchambuzi. Na anayeguswa karibu kila mara, au ambaye haguswi hata mara moja, mtoe. Hana mwenzake wa kulinganishwa naye. Orodha ya wanaotolewa iandikwe kabla matokeo hayajafunguliwa.

Ramani ya wahasibu ni nyepesi zaidi, kwa kuwa mhasibu mmoja na wateja wake ni kundi lenye mipaka, sawa na mtaa. Unaweza kurudi kwenye nusu mtaa, ukiweka mhasibu mahali pa mtaa. Shida ni ukubwa usiolingana: mmoja ana wateja 8, mwingine 150. Wapange kwanza kwa ukubwa, kisha chezesha kura ndani ya kila daraja.

Duara la umbali

Muundo huu tunautaja kwa sababu huombwa sana na wenye ramani nzuri za GPS: unapima kila biashara iko mita ngapi kutoka kwa waliopata barua. Mfano unaojulikana Afrika Mashariki ni dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, utafiti uliochapishwa 2004, ambapo athari ilihesabiwa kwa shule zilizo ndani ya kilomita 3 na kati ya 3 na 6. Uhakiki uliotoka 2015 ulionyesha kwamba programu ya kuhesabu iliishia kwenye shule 12 za karibu badala ya zote zilizo ndani ya kilomita 6, na iliposahihishwa, sehemu ya duara la mbali ikayumba. Kinachotufaa hapo ni kwamba duara la nje ndilo linalovunjika kwanza. Katikati ya mji, ambako fremu zimebanana, karibu kila mtu yuko ndani ya mita 100 za mtu mwenye barua, na hutakuwa na wa kulinganisha. Utumie kwa vituo vilivyotawanyika kando ya barabara kuu, tuseme kutoka Chamwino hadi Kibaigwa. Mjini hapana.

Yanayoharibu jaribio la mtaa Dodoma

Anwani ya TIN. Wengi walisajiliwa wakiwa mtaa mmoja na sasa wanauzia mwingine. Ukichezesha kura kwa anwani ya mfumo, barua ya Area C inafunguliwa Sabasaba. Fanya orodha mpya kwa miguu: kila fremu, kizimba na genge, pamoja na alama ya GPS, TIN kama ipo, na swali moja muhimu, "Una biashara nyingine wapi?" Mwenye maduka mawili katika mitaa miwili anabeba habari mfukoni. Mtoe kwenye kura, au iunganishe mitaa hiyo iwe kundi moja kama wapo wengi. Kwa bajeti, panga biashara 50 kwa karani kwa siku. Mitaa 120 yenye biashara 40 ni biashara 4,800, yaani makarani 8 kwa siku 12, na siku 2 za kurudia waliokosekana.

Masoko makubwa. Majengo, Sabasaba, soko la Ndugai na Machinga Complex yana wafanyabiashara wengi, na kishawishi ni kuyagawa kwa mistari ya vizimba. Tunasema hapana. Mistari miwili inatazamana, ina choo kimoja, kiongozi mmoja, mama lishe mmoja. "Wasioguswa" wako watajua kabla ya saa sita mchana. Na masoko manne hayatoshi kuwa makundi ya kura. Yaweke pembeni, yaripotiwe peke yake bila kudai usababishi.

Mitaa inayopakana. Ndani ya kila kata iache mitaa ya mpakani kati ya unaoguswa na usioguswa, isipewe barua wala isihesabiwe. Utapoteza labda mtaa mmoja kati ya mitano, na bado inalipa. Kata za pembezoni kama Hombolo Bwawani na Zuzu, ambako mtaa unaweza kuwa na biashara chache sana, ziunganishwe mbili mbili au ziachwe.

Mbeba barua. Mtendaji wa mtaa ndiye njia rahisi ya kufikisha barua, ila akipita anazungumza na kila mtu. Hapo unachopima kama mwambukizo ni mkutano wa mtendaji. Peleka kwa makarani walewale waliofanya orodha, barua ndani ya bahasha iliyofungwa yenye jina, sahihi ya kupokea, na sentensi tatu tu za kusema zilizoandikwa. Barua isiahidi ukaguzi ambao haupangwi kufanyika. Mbali na kwamba si haki kumtisha mtu kwa uongo, awamu ya pili hakuna atakayeiamini.

Maafisa wenyewe. Hili linasahaulika kuliko yote. Kama afisa akiona mtaa una barua nyingi, anaelekeza ziara zake huko na kuuacha mtaa wa pili, tofauti unayoiona haijatoka kwa majirani kuambiana. Imetoka kwenye ratiba ya ofisi. Kubaliana kwa maandishi kwamba ratiba ya ziara inabaki ilivyokuwa, orodha ya kura haikai ofisi ya wilaya, na kumbukumbu za ziara za kila mtaa unapewa mwishoni uzikague.

Kalenda ya Dodoma. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi Juni, na nyumba za wageni, migahawa na usafiri vinachangamka mitaa fulani kuliko mingine. Kisha Sheria ya Fedha mpya inaanza 1 Julai na inaweza kubadili viwango katikati ya jaribio lako. Awamu safi ni ya 31 Machi. Orodha ifanywe Januari, kura katikati ya Februari, barua zifike kati ya 1 na 7 Machi, malipo yachukuliwe hadi 30 Aprili ili waliochelewa kidogo wasihesabiwe kuwa wamegoma. Kabla ya kura, ipange mitaa kwa kata na kwa aina ya biashara inayotawala, ili mitaa yenye nyumba za wageni isirundikane upande mmoja. Kibaigwa ina kalenda yake ya mahindi, kwa hiyo isilinganishwe na mitaa ya mjini.

Vibali havikimbii. Kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), makubaliano ya mamlaka yenye takwimu, na masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 vyote viwe mezani kabla ya orodha. Taarifa za mlipakodi ni siri kisheria: njia inayofanya kazi ni mamlaka yenyewe kuunganisha orodha yako na malipo, kisha kukurudishia faili lisilo na jina wala TIN, lenye namba ya mtaa na namba ya mtu tu.

Dodoso la kujua habari ilivyopita lisubiri. Ukimwuliza asiye na barua tarehe 20 Machi, "Umesikia kuhusu barua ya kodi?", umemkumbusha kulipa, na athari ya kusambaa imetengenezwa na karani wako. Anza 2 Mei, watu 10 kwa mtaa, jumla 1,200, wasio na barua peke yao na wa mitaa isiyoguswa kwa idadi ile ile. Uliza kama alisikia, kwa nani, lini, na alielewa nini. Jibu la mwisho ndilo litakalokuonyesha kama mtaani ilipita "tulipe mapema" au "sisi hatumo".

Halafu kuna deni kwa mitaa isiyoguswa. Kama barua imefaa, nao wapelekewe, na wakati mzuri ni mwanzoni mwa Septemba kabla ya awamu ya 30 Septemba. Iandike tarehe hiyo kwenye mpango tangu mwanzo, kwa sababu siku hizo barua zikitoka, kundi la kulinganisha limekwisha. Chochote unachotaka kujua kuhusu majirani wa mitaa iliyoguswa, kama bado wanalipa miezi mitatu baadaye, lazima kisomwe kwenye awamu ya 30 Juni.